Soya chupani: fundo, viinitete au ncha? Ulinganisho kwa maabara ndogo ya Mtwara

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesomea sayansi ya mimea alinifuata nyumbani, hapa Mtwara mjini, akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na mbegu za soya alizoagiza Songea, zikaja na basi kwa njia ya Tunduru na Masasi. Amepewa miezi sita ya kutumia chumba kidogo cha maabara, na mradi wake ni kupata mche mzima wa soya kutoka kwenye kipande cha tishu. "Kaka," akaniambia, "nimesoma mpaka macho yanauma. Huyu anasema fundo, yule anasema viinitete, mwingine anasema ncha. Nianze na ipi?"

Nilimwomba siku mbili, nikamwandikia kurasa nne. Hizi ndizo kurasa zile, nimezirefusha kwa ajili ya wengine wanaokwama palepale: mafundi wa maabara, wanafunzi, na walimu wa huku kusini wanaotaka kuingiza soya kwenye vyumba vilivyozoea mihogo na migomba.

Kwanza tuelewane jambo moja. Soya haihitaji miche ya chupa ili ifike shambani. Mgomba tunaokula hauna mbegu ya kupanda, na pingili ya muhogo hubeba batobato na michirizi ya kahawia kutoka msimu hadi msimu, ndiyo maana tunavipitisha chupani. Soya mkulima wa Nachingwea anapanda mbegu, basi. Sisi tunaipeleka chupani kwa sababu nyingine: kuhamisha au kuhariri jeni, kuokoa kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya mbegu) cha uzao wa mbali ambacho kingekufa ndani ya ganda, au kujifunza namna seli ya jani au mbegu inavyoweza kurudi kuwa mmea mzima. Kama unachotafuta ni mbegu za kugawia wakulima, fedha yako ina kazi bora zaidi kwenye shamba la mbegu kuliko kwenye chupa.

Jambo la pili ni ukaidi wa mmea wenyewe. Soya ina deni kubwa inalotudai sote tunaofanya kazi hii: chakula kiitwacho B5, ambacho leo kinatumika kwa mimea ya kila aina, kilitengenezwa na Gamborg na wenzake kule Kanada mwaka 1968 kwa ajili ya seli za mzizi wa soya. Kalusi yake, lile donge la seli zisizo na umbo, hukua vizuri kiasi kwamba kwa miaka mingi ilitumika kupimia nguvu ya saitokinini, homoni za mimea zinazochochea seli kugawanyika na machipukizi kutoka. Lakini donge kukua ni jambo moja, na donge kutoa mche ni jingine. Tumbaku ilishakubali kuotesha machipukizi na mizizi kwa kubadilisha uwiano wa homoni tangu miaka ya 1950. Soya ilisubiriwa mpaka 1980, Cheng na wenzake walipopata machipukizi kwenye vipande vya fundo la kotiledoni (majani manene ya mbegu), na mpaka katikati ya miaka hiyo ya 1980 ndipo viinitete vya chupani vilipoanza kutoa miche. Kwa hiyo ukianza na ukashindwa mara mbili tatu, usidhani mkono wako ni mbaya.

Vigezo nilivyotumia

Makala nyingi hulinganisha njia hizi kwa asilimia ya vipande vilivyotoa machipukizi. Kwa maabara ya pwani yetu, asilimia ile haikusaidii sana, kwa sababu imepimwa mahali ambapo umeme haukatiki, nyuzijoto 25 ni kubonyeza kitufe, na kitalu nyumba kina taa. Mimi naangalia mambo sita. Malighafi: kipande unachoanza nacho kinapatikana lini, na kwa aina ipi ya soya. Chakula: homoni gani, na je, unaweza kuzipata na kuzitunza. Muda kutoka mbegu hadi mche kwenye udongo. Umeme na vifaa. Mikono, yaani ustadi na saa za kukaa mbele ya kabati la hewa safi. Na mwisho, mche unaotoka: ni mzima, una rutuba, na je, seli zake zote zina asili moja?

Mengine ni ya pamoja kwa njia zote tatu, nayasema mara moja. Chakula kinachemshwa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu, kwa nyuzijoto 121, dakika 15 hadi 20. Sukari ni gramu 30 kwa lita au karibu na hapo, agari, kile kinachogandisha chakula, gramu 7 au 8. Mwanga saa 16 na giza saa 8, isipokuwa nitakapotaja tofauti. Chumba kiwe karibu na nyuzijoto 25, na huku kwetu kuanzia Novemba hadi Machi hilo halipatikani bila kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana.

Usafishaji wa mbegu nao unahusu njia zote. Wengi duniani hutumia gesi ya klorini usiku kucha, kwa sababu mbegu inabaki kavu na ganda halipasuki. Gesi hiyo inaunguza mapafu. Kama chumba chako hakina kabati la kunyonyea moshi linalofanya kazi kweli, usijaribu, hata dirisha likiwa wazi. Tumia spiriti ya asilimia 70 kwa dakika moja, kisha Jik iliyozimuliwa pamoja na tone la sabuni ya maji kwa dakika 15, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa kwenye otoklevu mara nne au tano. Utapoteza mbegu kadhaa zitakazovimba na kuchanika, lakini kifua chako utabaki nacho.

Njia ya kwanza: fundo la kotiledoni

Malighafi. Mbegu kavu iliyokomaa. Unaiotesha kwenye chakula cha B5 kwa siku 5 hadi 7 mpaka kotiledoni, yale majani mawili manene ya mbegu, yafunguke na kuwa kijani. Fundo ni pale yanaposhikana na shina. Kuna ndugu yake wa karibu, nusu mbegu, iliyoelezwa na Paz na wenzake mwaka 2006: mbegu inalowekwa kwa kiasi cha saa 20 tu, inapasuliwa katikati kufuata kovu lake, na hapo hapo unaendelea. Aina nyingi za soya zinakubali, ingawa kwa viwango tofauti.

Kwa kuwa malighafi ni mbegu kavu, watu hudhani haina shida. Huku pwani ina shida. Soya ni miongoni mwa mbegu zinazochakaa haraka kwenye joto na unyevu, na Mtwara tunavyo vyote viwili. Niliwahi kuweka kilo mbili kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati kuanzia Julai hadi Februari. Nilipozipima hata nusu haikuota, na zilizoota zilikuwa na kotiledoni zenye madoa ya kahawia yaliyogeuka bakteria ndani ya siku tatu kwenye chakula. Tangu siku hiyo mbegu zangu hukaa jokofuni, ndani ya chupa inayofunga vizuri, pamoja na vijifuko vya silika. Pima uotaji kila mwezi. Chini ya mbegu 8 kwa 10, tafuta nyingine.

Chakula. Homoni ya kuanzia ni BAP, mojawapo ya saitokinini, na kiwango kilichozoeleka ni miligramu 1.67 kwa lita, ingawa wengi hufanya vizuri na miligramu 1 hadi 2. BAP ni rahisi kupata na haina makuu. Ugumu unakuja hatua ya pili, ya kurefusha machipukizi. Hapo mapishi yanataka homoni nyingine: GA3, IAA kidogo, na zeatini au zeatini ribosaidi (saitokinini pia), ambayo ni ghali, inakaa kwenye baridi kali, na haichemshwi kwenye otoklevu bali huchujwa na kuongezwa chakula kikishapoa.

Hapa niseme neno kuhusu madafu, maana kila mwanafunzi wa pwani huniuliza. Ni kweli kwamba maji ya dafu yana homoni za jamii ya zeatini, na ni kweli yana historia ndefu chupani: van Overbeek aliyatumia kukuza viinitete vichanga mwaka 1941, kabla ya saitokinini yoyote kupewa jina. Dafu la Mikindani nimelijaribu kwenye hatua hii, na baadhi ya machipukizi yalirefuka. Lakini dafu moja si sawa na jingine, na dafu la wiki hii si sawa na la mwezi ujao. Kwa mafunzo, tumia kwa moyo mweupe. Kwa matokeo utakayotakiwa kuyarudia, nunua zeatini.

Muda. Machipukizi madogo yanaonekana wiki ya pili hadi ya nne, kurefuka kunachukua wiki nne hadi nane au zaidi, mizizi wiki mbili au tatu. Miezi mitatu na nusu ni matarajio ya haki.

Umeme na vifaa. Visahani vinatulia kwenye rafu. Umeme ukikatika saa nne, hakuna kinachokufa, joto likiwa la kawaida. Unahitaji kabati la hewa safi, otoklevu, mizani nzuri, na kipima pH.

Mikono. Hapa ndipo njia hii inapochuja watu. Baada ya mbegu kuota, unakata shina milimita 3 hadi 5 chini ya fundo, unapasua katikati kupata vipande viwili, unaondoa chipukizi la juu, kisha kwa ncha ya kisu cha upasuaji unachora mikato midogo midogo juu ya fundo, saba hadi kumi na miwili, isiyozama. Ukizama, tishu inakuwa kahawia na kutoa maji. Ukipapasa tu, jicho la asili lililokuwa pale linachipua lenyewe, moja, refu, zuri la kupiga picha, na wewe unashangilia kumbe si lako. Hilo ni chipukizi ambalo mbegu ilikwisha kuliandaa. Chipukizi jipya hutoka likiwa kundi, kama kijani kilichokunjamana, fupi fupi, kwenye kingo za mikato. Mfundishe kila anayekusaidia kutofautisha haya mawili kabla hajaandika namba yoyote kwenye daftari.

Mche unaotoka. Kwa kawaida ni mzima, unatoa maua na mbegu. Kama unahamisha jeni, utapata baadhi ya miche yenye mchanganyiko wa seli zilizobadilika na zisizobadilika, kwa hiyo kizazi cha pili lazima kipimwe. Mwaka 1988 njia hii ndiyo iliyotumika pamoja na Agrobakteria, bakteria wa udongo anayeweza kuingiza jeni ndani ya seli za mmea, kupata soya ya kwanza iliyohamishiwa jeni kwa bakteria huyo, na mpaka leo ndiyo barabara kuu ya kazi hiyo.

Inamfaa nani. Mwenye mbegu nzuri, mwenye subira ya hatua ya kurefusha, na anayelenga Agrobakteria siku za mbele.

Njia ya pili: viinitete kutoka kotiledoni changa

Malighafi. Ganda bichi, wiki mbili hadi tatu baada ya ua, mbegu ikiwa na urefu wa milimita 3 hadi 5. Ukichelewa siku nne, mbegu imeshajaa na haikusikilizi tena. Kwa hiyo unahitaji mimea hai yenye maganda kila unapotaka kuanza upya, na mvua zetu ni za msimu mmoja. Nje ya msimu ni kitalu nyumba na kumwagilia.

Kuna jambo jingine ambalo mapishi ya Marekani hayakuambii. Aina zinazosifika kwa njia hii, hasa Jack, zimezaliwa kwa ajili ya latitudo za juu ambako mchana wa kiangazi ni mrefu sana. Soya hutoa maua mchana unapokuwa mfupi, na Mtwara, karibu na nyuzi 10 kusini, mchana haufiki saa 13 mwezi wowote. Ukipanda aina hizo hapa bila taa za ziada jioni, zinatoa maua zikiwa na urefu wa kiganja na maganda ya kuhesabu. Aina zilizotengenezwa kwa tropiki, kama zile za IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, zinazoanza na herufi TGx, zinakua vizuri shambani kwetu, lakini kila aina ina tabia yake kwenye kutoa viinitete na huna budi kuipima mwenyewe. Kati ya njia zote tatu, hii ndiyo inayochagua aina kwa ukali zaidi.

Chakula. Homoni kuu ni 2,4-D, ile ile ambayo mkulima wa mahindi anaijua kama dawa ya magugu ya majani mapana. Soya ni mmea wa majani mapana, na bado kwa miligramu 40 kwa lita kotiledoni changa haifi. Baada ya wiki nne hivi, kwenye mwanga hafifu, pembezoni mwake hutokea vidonge vidogo vya kijani-njano, duara, vinavyong'aa kama tone la mafuta. Kila kidonge ni mwanzo wa kiinitete. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na bado nikiviona kwa mara ya kwanza kwenye sahani mpya nasimama. Baadaye kiwango kinashuka hadi miligramu 20 kwenye agari, au 5 kwenye chakula cha majimaji kinachotikiswa. Ili vikomae, 2,4-D inaondolewa kabisa. Kwa upande wa homoni basi, njia hii ni nafuu: unahitaji moja tu, na haiogopi joto.

Muda. Mrefu. Kuanzisha wiki nne hadi sita, kuzidisha miezi kadhaa, kukomaza mwezi mmoja hadi miwili, kukausha viinitete ndani ya sahani tupu iliyofungwa siku tatu hadi saba, kisha kuotesha. Miezi sita ukibahatika, tisa ikiwa kawaida.

Umeme na vifaa. Ukibaki kwenye agari, si tofauti sana na njia ya fundo. Ukienda kwenye majimaji, ambako ndiko kuzidisha kunaenda kasi, unahitaji mashine ya kutikisa inayozunguka mara 120 hadi 150 kwa dakika, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Katika maabara moja niliyofanyia kazi umeme ulikatika Jumamosi jioni na jenereta haikuwashwa. Chupa tisa zilitulia mpaka Jumatatu asubuhi. Viinitete vilikuwa vimelala chini kama mchanga, vya kahawia, na chakula kinanuka. Miezi minne ya kazi ya watu wawili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu aliyepangiwa zamu ya kuja kuangalia. Kama huna umeme wa akiba unaojiwasha wenyewe, baki kwenye agari.

Mikono. Kutoa mbegu ya milimita 4 kutoka kwenye ganda, kukata ile pembe yenye kiinitete cha asili, na kusukuma kotiledoni zitoke bila kupondeka ni kazi ya siku ya kwanza tu. Baada ya hapo ni jicho zaidi kuliko kisu: kuchagua vidonge vya kijani na kuacha vya njano vilivyolegea, kila wiki mbili tatu, bila kukosa.

Mche unaotoka. Hapa kuna faida kubwa na hasara kubwa pamoja. Kiinitete kinaweza kuanzia seli moja au chache sana za juu, kwa hiyo mche uliobadilishwa jeni huwa wa asili moja, si mchanganyiko. Tena watafiti wa mafuta na protini wanaweza kupima kiinitete kilichokomaa chenyewe, kabla hata hakijawa mche, kwa sababu hujenga akiba yake kwa namna inayofanana na mbegu. Hasara ni umri. Tishu iliyozidishwa muda mrefu kwenye 2,4-D hukusanya kasoro, na miche yake inaweza kuwa na majani yaliyojikunja au kutoa maua bila mbegu. Anzisha upya kila mwaka, hata kama ile ya zamani bado inakua kwa kupendeza.

Inamfaa nani. Maabara yenye zamu, kitalu nyumba, umeme wa akiba, na mradi wa miaka miwili au zaidi.

Njia ya tatu: ncha ya kiinitete

Malighafi. Mbegu kavu tena, kwa hiyo yale niliyosema kuhusu kuhifadhi yanarudi hapa yote. Unailoweka kwa siku moja, unavua ganda na kotiledoni, unabaki na mhimili mdogo, mweupe, wenye umbo la koma. Juu yake kuna vijani viwili vilivyokunjwa. Ukiviondoa, ncha inayoota inabaki wazi. Karibu kila aina ya soya inakubali, na hilo kwa mtu mwenye mbegu za Songea asizojua historia yake ni jambo kubwa.

Chakula. MS (chakula kingine kilichozoeleka, kama B5) au B5 yenye BAP kwa siku chache hadi wiki, kisha chakula chenye BAP kidogo au kisicho na homoni. Wengi huhamia kwenye kurefusha bila zeatini kabisa.

Muda. Miezi miwili hadi mitatu. Mwanafunzi anaweza kurudia jaribio zima mara mbili ndani ya miezi sita.

Umeme na vifaa. Kama fundo, ukiongeza hadubini ya kupasulia. Bila hiyo hutaona vijani vile.

Mikono. Mhimili una milimita chache tu, na kosa la nusu milimita linaondoa ncha nzima. Niliwahi kumwona dada mmoja fundi, mzoefu wa kupasua viini vya mihogo, akimaliza mihimili hamsini kwa saa moja bila kuinua kichwa. Mimi hamsini zilinichukua asubuhi nzima, na theluthi niliipoteza. Jizoeze kwa mbegu za kula kutoka sokoni kabla ya kugusa mbegu za mradi.

Mche unaotoka. Mzima, wenye rutuba, unaofanana na mama yake, kwa sababu unatokana na tishu iliyokuwa tayari imeandaliwa kuwa shina. Hilo hilo ndilo udhaifu wake ukitaka kuhamisha jeni. Mwaka huo huo wa 1988, timu nyingine ya Marekani ilirusha chembe za dhahabu zenye DNA kwenye ncha za viinitete na kupata soya iliyobadilika, lakini ncha ina tabaka na seli nyingi, na seli unayoipiga leo inaweza kuishia kwenye tawi moja tu la mche. Miche mingi ni ya mchanganyiko, na unalazimika kusubiri kizazi kinachofuata ili kujua ulichopata. Tena idadi ya machipukizi kwa kila ncha ni ndogo ukilinganisha na fundo lililofanya vizuri.

Inamfaa nani. Anayeanza, mwenye muda mfupi, mwenye aina ambayo haijawahi kujaribiwa, na anayetaka kuthibitisha kwamba chumba chake kinaweza kulea soya hadi udongoni.

Mizizi na udongo

Njia zote tatu hukutana hapa, na hapa ndipo miche mingi hufia. Chipukizi la soya linaweza kukataa mizizi kwa wiki nzima. Kulichovya kwenye IBA, homoni ya kuotesha mizizi, kwa dakika moja au mbili kabla ya kulichomeka kwenye chakula chenye nusu ya nguvu ya chumvi husaidia. Likikataa kabisa na unalihitaji, lipandikize juu ya mche wa soya uliooteshwa kwa mbegu, kama tunavyobebesha korosho. Si aibu, na linatoa mbegu vilevile.

Majani yakionekana kama kioo, mazito, yanayovunjika, chupa yako ina unyevu mwingi. Legeza kifuniko au badilisha kiwe kinachopitisha hewa. Unapotoa udongoni, chemsha udongo kwanza, funika mche kwa mfuko mweupe au chupa iliyokatwa, na fungua kidogo kidogo kwa siku kumi. Upepo mkavu wa Juni na Julai huua mche mchanga kwa alasiri moja, kwa hiyo usidanganyike na ubaridi wa asubuhi wa miezi hiyo.

Sasa, kwa hali yako

Una miezi sita au chini yake, na hujawahi kulea soya chupani: anza na ncha. Wiki ya pili utaona kijani, na utakuwa umepima mbegu zako, usafi wako na kiyoyozi chako kwa gharama ndogo. Muda ukibaki, tumia mbegu zilezile kujaribu nusu mbegu.

Unalenga Agrobakteria au kuhariri jeni, na una mwaka mmoja: fundo au nusu mbegu, na tenga fedha ya zeatini tangu mwanzo. Kumbuka kibali kinatangulia. Mambo ya usalama wa bioteknolojia yapo chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, kwa kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa kutokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kufanya mazoezi ya kuotesha machipukizi bila kuhamisha jeni ni suala jingine, na ndipo pa kuanzia hata hivyo.

Unalenga mafuta au protini ya mbegu, una kitalu nyumba chenye taa na watu wa zamu: viinitete, kwenye agari kwanza, majimaji baadaye umeme ukishathibitika.

Una kitalu nyumba lakini umeme wako unayumba: viinitete kwenye agari bado vinawezekana, ila punguza matarajio ya wingi na ongeza ya muda. Au nenda kwenye fundo.

Uko Lindi, Ruangwa au Nachingwea, mbali na maabara yoyote, na una soya shambani: unaweza kuwa mshirika wa mtu mwenye maabara lakini asiye na maganda. Maganda mabichi yaliyofungwa kwenye karatasi yenye unyevunyevu, ndani ya boksi lenye barafu lisiloyagusa, yanafika Mtwara siku hiyohiyo yakiwa bado yanafaa. Andika tarehe ya maua kwenye kila boksi, kwa sababu bila tarehe hiyo hayamsaidii mtu.

Na vyovyote utakavyochagua, mali bila daftari huisha bila habari. Namba ya sahani, tarehe, aina ya mbegu, nani aliyekata, na umeme ulikatika saa ngapi.

Kijana wa bahasha alichagua ncha. Alhamisi alinitumia picha: visahani kumi na viwili, mihimili imeanza kuwa kijani, na kimoja kina ukungu mweupe pembeni. Chini ya picha alikuwa ameandika namba ya sahani hiyo na saa aliyoiona.